Chembe

Nilikuwa nachimba choo.
Nianze hapo, maana wasimuliaji hupenda kuanzia kwenye kito.
Nakivale, kiwanja cha mita thelathini kwa thelathini,
mkaguzi wa afya kaahidi kurudi Jumatatu,
ardhi imenifika kiunoni,
udongo mwekundu umekwisha, umeanza wa kijivu,
jembe likalia kama limegonga kikombe.

Kokoto, nikasema, nikalitupa juu.
Wilondja, kitinda mimba wangu, akaliokota, akalilamba
(mtoto huyu hulamba kila kitu)
akasema: Baba, hili limechongwa.

Urefu wa kidole cha shahada.
Rangi ya ini la mbuzi, mishipa ya kijani ndani yake,
na ukingo mwembamba hata jua linapenya.
Nikaujaribu kwa gumba. Gumba likafunguka.
Limelala humo miaka isiyo na hesabu
na bado lina hasira.

Kwa Kiswahili cha baba yangu, kichwa cha mshale ni chembe.
Na pale mbavu zinapokutana, hofu inapokaa,
ni chembe cha moyo.
Na zile za mahindi, chini ya debe,
tangu mgao ukatwe nusu: chembe.
Lugha yangu ni maskini, au ina akili, sijui.

Nikashuka tena. Sasa sikuchimba, nilipapasa.
Vikatoka vinne, na cha tano kimekatika katikati,
na vibanzi, vibanzi, vibanzi:
mtu alikaa hapa, kazini, miguu kainyoosha.
Cha tano kilimvunjikia mkononi.
Unaona kabisa alipokosea, pigo moja la ziada.
Sijui alitukana kwa lugha gani.

Katushabe alikuwa akipitisha ng'ombe wake.
Akakigeuza, akakipulizia, akasema:
Jiwe hili si la bondeni. Hapa ni yale meupe tu.
Hili liko kilima kimoja, nyuma ya kile chenye mnara,
kutwa nzima kwa miguu. Sisi huko hatulishi,
linakata kwato.

Kutwa nzima!
Na yale meupe yalikuwa miguuni pake, bure.
Mtu huyu hakuridhika na cha karibu,
nami nampenda kwa hilo.
Alipanda, akachagua, akabeba.

Mimi nilivuka Bunagana na jembe lisilo mpini,
nimelifunga kwenye kitenge cha marehemu mke wangu,
na kijana mmoja foleni akaniuliza
kama huko niendako hawana majembe.
Mpini wake yeye umeoza.
Wangu niliuacha Fizi, umeegemea mlango.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Mimi nilikuja nalo. Nimelima, nimezika, nimejenga,
huu ni mwaka wa kumi na mbili,
na hakuna ofisi iliyoniambia
leo ni siku ya ngapi.

Basi hivi ni vya babu zenu, nikamwambia Katushabe.
Akacheka hadi fimbo ikamponyoka.
Babu zetu walifika hapa wakifuata ng'ombe, akasema.
Waliwakuta watu, au hawakukuta mtu,
inategemea anayesimulia kashiba au ana njaa.

Usiku, kwenye mkeka, nikidhani amelala,
Wilondja akauliza: Baba, yule mtu alikuwa na kadi?

Nikasogeza choo hatua sita.
Jumatatu mkaguzi akaandika: shimo halijakamilika.
Sikumweleza. Ningeanzia wapi?

Vinne nimevirudisha chini pamoja na vibanzi vyake,
nikashindilia udongo kwa kisigino,
juu nikapanda maharage.
Kile kilichovunjika kimo mfuko wa shati,
kushoto.
Nikiinama kuchimba kinanichoma,
pale pale,
kwenye chembe.