Mdai na Wadaiwa

Katika lugha yetu kitenzi kina jinsia.
Husemi tu umekwenda: mkia wa neno
hutangaza wewe ni mume au mke
kabla hujafika ulikokuwa unakwenda.
Jumapili moja ya Februari, supu ya bitiruti mezani,
mtoto wetu alisema, "Nimeshiba,"
kwa mkia wa kiume.
Bogumila akaweka kijiko chini.
Mimi nikaomba chumvi.

Usiku ule, na mwingine, na mwingine, nilitafuta.
Mimi ni fundi wa lifti hapa Łódź, mwaka wa ishirini na sita.
Kitu kikigoma, nafungua kitabu chake, natafuta ukurasa.
Nikamuuliza daktari: akatazama saa.
Nikamuuliza padri: akatazama dari.
Dada yangu akasema ni upepo, utapita,
akatuletea maji ya baraka kwenye chupa ya soda.
Mke wangu alijifungia bafuni, akafungulia bomba
tusimsikie akilia;
tukisikia maji, tukajua.

Aliyetupa anwani ni mtunza maktaba,
mwanamke ambaye hajawahi kunisalimu.
Bogumila aliazima kitabu cha mapishi,
na katikati ya sura ya achari, karatasi iliyokunjwa mara nne:
*Alhamisi ya kwanza, saa kumi na mbili jioni,
ghorofa ya nne. Chai ipo.*

Akaenda. Mimi nikabaki garini, injini ikinguruma.
Mara ya kwanza. Mara ya pili.
Mara ya tatu alishuka akagonga kioo:
"Lifti yao imekwama. Kuna bibi wa magongo ngazini."
Nikabeba mkoba wa zana.
Kwa ajili ya lifti, nilijiambia. Lifti tu.

Walikuwa kumi na mmoja, kwenye viti vya chekechea,
magoti yamewafika kidevuni.
Dereva wa tramu. Mwalimu wa kemia.
Bibi Eulalia, miaka sabini na tisa,
jina jipya la mjukuu wake ameliandika kiganjani
asije akalisahau mbele yake.
Mmoja alijua hospitali ambako hawatazami saa.
Mmoja alijua mwalimu mkuu wa kuaminika, na wa kuepukwa.
Mmoja alilia, wakamwachia machozi yake,
wakamsogezea biskuti.
Nikauliza, kwa sauti ya kazini, hitilafu iko wapi.
"Hakuna kilichoharibika, bwana," akasema Eulalia.
"Umefungua kitabu cha mashine nyingine."

Ni hapo pia tulipoambiwa habari ya mahakama.
Miaka ile ndivyo ilivyokuwa: akitaka hati zimtambue,
akishatimiza kumi na minane, awashtaki wazazi wake.
Nilisimama. Nishtakiwe na damu yangu?
Yule wa tramu akanivuta shati, nikaketi.
"Mimi nilishtakiwa Machi," akasema. "Vaa koti zito.
Ukumbini hakuna joto."

Tymoteusz alijaza fomu kwenye meza ileile ya supu.
Mdai: yeye.
Mdaiwa wa kwanza: mama. Wa pili: baba.
Akaniuliza jina langu la kati linaandikwaje.

Tulikwenda na gari moja.
Mdai alikaa nyuma, akilalamikia redio.
Mdaiwa wa kwanza alimfunga skafu, mdai akaifungua.
Kwenye kituo cha mafuta tuligawana mkate wa mayai
watu watatu wenye kesi.

Jaji akauliza kama wadaiwa wana la kujitetea.
Nilikuwa nimefanya mazoezi wiki nzima
mbele ya vioo vya lifti za watu, nikipanda, nikishuka,
hotuba ndefu, yenye heshima. Yote ikayeyuka.
Nikasema: "Mwanangu alisema kweli,
na mimi nikaomba chumvi."
Karani aliinua kichwa. Bogumila akanishika mkono
chini ya meza, akaubana hadi ukauma.

Tukashindwa kesi.

Njiani kurudi nilikosea mkia wa neno, mara mbili.
Akanisahihisha huku anatafuna,
bila kuinua macho, kama mtu
anayemwambia dereva kwamba taa ni ya kijani.