Kikohozi cha Kuazima

Mwaka ule Isevya nzima iliogopa kukohoa.
Ukikohoa gengeni foleni inafunguka yenyewe,
unafungiwa nyanya upesi, chenji unarushiwa.
Mimi niliogopa kinyume chake.

Misuli yangu inaondoka kama wapangaji
wanaohama usiku kukwepa kodi:
kwanza ya mapaja, nikiwa darasa la nne,
halafu ya mabega, halafu hii ya mbavu
isiyoaga.
Daktari alinichorea pafu nyuma ya cheti,
akasema, Mihambo, mafua yako wewe si mafua.

Natengeneza simu. Zamani vumbi la ndani
nililipuliza kwa pumzi moja, likatoka lote.
Mwaka juzi pumzi tatu. Mwaka jana sita.
Sasa natumia mswaki.
Sina kipimo kingine.

Redio ikatuagiza: kaeni mbalimbali, mita moja.
Nikaipima kwa macho.
Mita moja ni kutoka kitandani hadi kwenye kiti changu
chenye magurudumu ya baiskeli.
Bila mikono ya dada yangu Kalunde
mita moja ni Kigoma kwa miguu.
Nani atanigeuza saa nane za usiku, ubavu ukiwaka?

Mlangoni pa zahanati waliweka ndoo ya kisasa:
kanyaga hapa maji, kanyaga pale sabuni.
Nikaitazama miguu yangu. Nayo ikanitazama.
Nawa kwanza, ndugu, akasema mlinzi, ndiyo utaratibu,
hadi Sizya, mtoto wa jirani, aliponikanyagia
kwa miguu yote miwili, akiruka,
maji yakanilowesha mpaka mapajani.
Nilicheka. Kucheka nako kunanichosha,
lakini nilicheka.

Shangazi Nyanzala akaleta sufuria ya kufukiza,
mkaratusi, mchaichai, na mengine hakuyataja.
Wakanifunika blanketi zito.
Mwenye mikono akichoka hujifunua.
Mimi niliita, sauti ikalowa, ikadondokea sufuriani.
Nje wanahesabu dakika: avumilie, dawa ni chungu.
Kalunde ndiye aliyesikia kimya changu.

Kisha akaugua yeye.

Siku kumi na moja alilala chumba cha uani,
mimi cha mbele, kati yetu ukuta wa matofali mabichi.
Alikohoa kikohozi kizima, chenye mabega,
kinachotikisa bati.
Mungu anisamehe, nilikionea wivu.

Maana changu mimi ni cha kuazima.
Huweka viganja chini ya mbavu zangu,
husema moja, mbili, haya! na kusukuma,
tukakohoa watu wawili kikohozi kimoja.
Usiku wa sita makohozi yalinijaa
kama maji ya mvua kwenye mtumbwi wa mtu aliyelala,
na mwenye kunikopesha yuko nyuma ya ukuta.

Aliyeingia ni mama yake Sizya,
muuza asali, ambaye tangu Machi
alikuwa akivuka barabara akiuona mlango wetu.
Barakoa ya kitenge, macho tu.
Kalunde akamfundisha kupitia ukutani,
neno, kikohozi, neno:
Shusha mikono. Hapo ni tumbo. Panda.
Usimwonee huruma, sukuma!

Viganja vyake vilinuka nta na moshi.
Moja. Mbili.
Kikatoka. Kibovu, kama pikipiki iliyoishiwa mafuta,
lakini kikatoka, na cha pili kikakifuata,
na nyuma ya ukuta Kalunde akajibu kwa chake.
Kule stesheni treni ilipiga honi; hatukuisikiliza.

Mama Sizya alinawa mara mbili,
akasimama kizingitini, nusu ndani nusu nje,
akauliza kesho aje saa ngapi.