Namba Ishirini na Nne

Dukani Cuneo walimcheka:
"Chukua namba kumi na mbili, mama, kama watu wote.
Maganda ya mtutu huo
yaliadimika mimi sijaota ndevu."

Basi Ersilia huokoteza:
fataki kwa kinyozi mmoja wa Mondovì,
marisau kwa kilo,
baruti chembe chembe, kama dawa ya mtoto.

Meza ya jikoni. Redio kaizima.
Maganda kumi na moja ya shaba;
la kumi na mbili lilizama thelujini
mwaka ule Bastiano alipoanza kusahau majina,
la mbwa kwanza, kisha lake yeye.

Anapima. Anarudia kupima.
Kifuniko anakikata kwenye boksi la viatu,
anaziba kwa nta,
anaandika tarehe kwa penseli,
na ile saba ina mkia,
saba ya Bastiano.

Kesho kwale atachiruka vichakani,
naye atamsindikiza kwa macho
hadi ng'ambo ya misonobari.
Kisha atafyatua moja, hewani,
mbwa amshangae.

Sharti arudi na ganda tupu.
Usiku ni mrefu,
na mikono haijui kukaa bure.