Mizani ya Igogo

Mizani hii niliikuta, sikuileta mimi.
Ubavuni, chini ya matabaka matatu ya rangi,
kuna herufi za chuma: jina la mji wa Amerika,
nusu limeliwa na kutu.
Fundi mmoja wa meli ya mizigo alinisomea, akacheka:
huko nako matanuru yamezimwa,
wajukuu wa wafua chuma wanauza kahawa
ndani ya karakana za babu zao.
Sikujua kama nami nicheke.

Kabla ya reli, pamba ilikuja Mwanza kichwani.
Luhende wa Ngudu alitembea siku tatu na gunia,
akalala Misungwi, akalala tena porini,
akafika jinerini asubuhi, shingo imekaza.
Mwangaluka, akamwambia karani.
Karani akaitikia huku akiangalia sindano,
na sindano ikamla Luhende ratili nne.
Mwaka uliofuata, nne.
Reli ikafika, filimbi ikapigwa, watu wakashangilia;
nne.

Mwishowe wakulima wakaweka mtu wao kando ya mizani,
kijana aliyejua kusoma,
kazi yake kumtazama karani machoni mpaka magunia yaishe.
Ushirika ulianzia hapo, kwenye macho mawili yasiyopepesa.
Baadaye tukaacha ratili, tukashika kilo.
Wizi nao ukajifunza kipimo kipya:
kilo mbili.

Kisha Nyakato. King'ora saa kumi na mbili asubuhi,
saa nane mchana, saa nne usiku;
hata majogoo wa Mabatini yaliacha kubahatisha.
Nkwimba, kitindamimba wa Luhende,
alipewa mtambo namba mia na kumi na nne.
Miaka ishirini, na kichwa cheupe kwa vumbi la nyuzi;
akioga, ujana unarudi.
Aliongea kwa midomo na vidole, maana chumba kilinguruma,
na mpaka leo akikusimulia jambo zito
hatoi sauti.
Kitenge cha harusi yangu alikifuma yeye,
au jirani yake. Tuseme yeye.

Halafu? Halafu spea hazikuja.
Umeme ukaja na kuondoka kama mgeni asiyeaga.
Mitumba ikashushwa stesheni, marobota kwa marobota,
kwenye reli ileile iliyochukua pamba.
King'ora kililia mara ya mwisho siku ya Alhamisi
na hakuna aliyejua kuwa ni ya mwisho,
kwa hiyo hakuna aliyekisikiliza.

Ziwa likatuonea huruma kwa namna yake: sangara.
Minofu ilipanda ndege ikiwa baridi, imefungwa vizuri.
Kwetu yalibaki mapanki, kichwa na uti wa mgongo,
na mimi niliyapima hapahapa,
nzi wakiwa wateja wa kwanza.
Nilijenga nyumba kwa mifupa, wakasema watani.
Kweli. Ina vyumba viwili na bati la Nyakato.

Sasa napima chuma chakavu.
Vijana wanaleta madirisha, mabomba, minyororo ya baiskeli.
Jumanne iliyopita mkokoteni ulileta vipande
vyenye grisi iliyogeuka gundi,
na kwenye bamba moja, rangi nyeupe: 114.
Nyuma ya mkokoteni, mwendo wa pole, alikuja Nkwimba.
Hakuna aliyemwita. Sijui aliambiwa na nani.

Alishika bamba kama mtu anayeshika shavu la mgonjwa.
Tukapima. Kipande kwa kipande nikaandika,
nikajumlisha mara mbili, maana alinitazama machoni
na hakupepesa.
Mia nne na kumi na mbili, nikasema.

Midomo yake ikacheza bila sauti.
Vijana wakadhani anasali.
Mimi nilimwelewa: ongeza mbili.

Kalamu ilikuwa mkononi.
Chuma si changu, pesa si zake,
wenye mkokoteni walikuwa na njaa na haraka.
Nikaandika mia nne na kumi na nne.
Akatikisa kichwa, akanyoosha vidole vyake:
kwa kila gunia.