Ishirini na Tisa

Kila Jumatatu huletwa kwangu kwenye ndoo ya rangi,
yamechanganyika na majani, mchanga, siku moja nge.
Bunduki za zamani zilikuwa na adabu:
unavuta komeo, ganda linakujia mkononi
kama mgeni anayeaga.
Hizi zinazojipakia zenyewe hazina subira.
Hulitema lingali moto, likagonge chuma,
likapotelee hatua saba kuume,
mdomo umepinda kama wa mtu aliyeungua kwa uji.

Nayaloweka kwenye maji ya ukwaju.
Mama aling'arisha hivyo hivyo vikuku vyake.
Nayaanika kwenye ungo nje ya ghala, hapa Manyoni,
na treni ya mizigo ikipita yanatetemeka yote,
yanasemezana.

Ndipo kazi inaanza.
Shaba haisahau. Kila moto huivuta kidogo,
unene wa ukucha, nusu ya ukucha:
inarefuka shingoni, inakonda kiunoni,
juu kidogo ya kitako, ndani, jicho lisipofika.
Nina spoku ya baiskeli, ncha nimeikunja.
Naiingiza, naikwaruza taratibu ukutani.
Ikikwama kwenye kijimfereji, basi,
hilo limechoka. Ukilijaza baruti tena
litapasukia usoni mwa mtoto wa watu.
Naliponda kwa nyundo palepale
asije mwenye haraka akalihurumia.

Marehemu Masima, aliyenifundisha, alikuwa akisema:
"Sechelela, usiulize limepiga nini.
Uliza limepigwa mara ngapi."
Nilicheka. Wakati huo sijaolewa mara ya pili.

Wiki hii daftari linasema thelathini.
Nimehesabu: ishirini na tisa.
Nimemwaga ndoo, nimepepeta mchanga kama mtama,
nimehesabu kwa Kiswahili, nikarudia kwa Kigogo,
jibu likabaki lilelile.
Askari Chilongani anaapa aliyaokota yote,
alipiga magoti kwenye miba ya uwanja wa shabaha
mpaka giza likamtoa.
Mkaguzi anakuja Alhamisi.
Ganda moja tu, na mtu hulala mahabusu.

Jana jioni nikapita nyumbani kwake.
Mkewe anapiga alizeti kwa fimbo, hakusimama.
Kizingitini amekaa binti yao, Nyemo,
meno mawili ya mbele hayapo,
ameegemeza kitu cha njano chini ya mdomo,
anapuliza.
Sauti nyembamba, imejaa pumzi.
Mbuzi wote wakageuza vichwa.

Nililijua kabla sijalishika:
ule mdomo uliopinda, ule mkwaruzo wa ndoano kitakoni.
Nikaomba. Akanipa, limelowa mate.
Spoku yangu huwa naichomeka kwenye fundo la khanga.
Niliingiza, nikakwaruza.
Ikakwama.

Nyundo ilikuwa ghalani.
Mtoto alikuwa amenyoosha mkono, kiganja wazi,
kama mtu anayesubiri chenji yake.

Nimefika relini bado nalisikia nyuma yangu,
na maneno ya daftari nimeshayapanga,
yote ya kweli, hakuna hata moja la kuazima:
Moja. Limechoka.
Halitajazwa tena.