Pindo la Vidole Vinne

Januari, Moshi. Saa nne tu mlima umeshajifunika
kama mdaiwa aliyesikia hodi.
Mimi na cherehani yangu barazani, Dabo Rodi,
kitambaa cha kijivu magotini,
chaki sikioni, pini mdomoni.
Ndiyo maana siongei sana.

Wazazi wanashuka toka Uru, toka Kibosho,
noti wamezifunga kwenye ncha ya kanga:
"Mama Aikande, iache kubwa,
imfikishe kidato cha nne."
Nami nakunja pindo kwa ndani,
vidole vinne kwa mvulana,
viwili kwa msichana.
Ndivyo nilivyomkuta fundi wangu akikunja,
na mkono ukishazoea hauulizi.

Aikande wangu alisomea chini ya meza hii,
akihesabu vifungo kabla hajazijua namba.
Ada yake niliishona, pindo kwa pindo.
Mwaka ule kahawa ilipoanguka bei
na shule zikafunguliwa bila wateja,
niliuza pasi ya mkaa,
nikawa nanyoosha mishono kwa ukucha.
Nilidhani nanunua ajira.
Kumbe cha kwanza kuletewa
kilikuwa swali.

Kidato cha pili, likizo ya Juni,
akaigeuza sketi nje ndani,
akaigeuza na suruali,
akapima kwa rula iliyovunjika ncha.
"Mama, kwa nini hii ina nafasi ya kurefuka
na hii haina?"

Nikatema pini.
Nikasema, ndivyo ilivyo.
Nikasema, kitambaa ghali.
Nikasema, wasichana huacha mapema,
na hapo nikajisikia,
sauti yangu mwenyewe, imeshika mkasi.

Nilikasirika, sitaficha.
Nilimtuma akaoshe vyombo vilivyokwisha kuoshwa.
Usiku nikafumua sketi saba.

Vyeti vilikuja. Kazi haikuja navyo.
Miaka miwili bahasha ya kaki
ikienda Arusha na kurudi,
kona zikilainika kama noti ya zamani.
Jirani Ndetaramo akipita: "Umesomesha, umevuna nini?"
Sikuwa na la kumwambia.
Aikande, kwa kukosa cha kufanya,
akausoma mkataba wa pango la baraza
niliousaini miaka kumi na mmoja bila kuusoma.
"Mama, hapa unalipia mlinzi kila mwezi.
Mlinzi gani?"
Tukatazamana. Tukacheka hadi machozi.
Hatujawahi kumwona hata kofia.

Mwenye nyumba hakucheka.
Lakini fedha ile alirudisha, nusu yake,
ikanunua buti na nauli
za siku alipoitwa kazini.

Sasa anapima maji ya mifereji huko juu,
daftari kwapani, matope magotini.
Mshahara si wa kujengea ghorofa,
ila tarehe yake inajulikana.
Na bado ananiuliza maswali, hata ya kanisani,
mengine nayajibu kwa kumwongezea chai.

Leo amekuja baba mmoja na binti yake,
mtoto amesimama kama sindano.
"Mwekee pindo dogo, fundi, tuokoe kitambaa.
Huyu si wa kukaa sana shule."

Nachomoa pini mdomoni, moja moja,
naziweka mezani.

"Kwa nini?"