Mistari Mitatu

Fomu ya bima imeacha mistari mitatu.
"Eleza kwa ufupi ajali ilivyotokea."
Mitatu tu. Nimeihesabu kwa ncha ya kalamu
huku upepo wa Punta Arenas ukigonga bati la karakana
kama mdai aliyechoka kupiga hodi.

Wabia nasi tu watatu.
Heriberto alileta gari na ngazi.
Drago alileta leseni yake, na mdomo wake.
Mimi nilileta kiinua mgongo cha marehemu mume wangu
na daftari lenye jalada la kijani.
Tukayaandika majina ubavuni mwa gari:
Oyarzún, Cárcamo na Mihovilovic.
La mwisho halikuenea. Likakata kona,
likaishia mlango wa nyuma.

Tangu hapo mimi ndiye mwandishi.
Najua bei ya kila mita ya waya,
najua nani hulipa kwa wakati
(parokia, na mama mwoka mikate),
najua Julai ilivyo, jua likichomoza saa nne asubuhi
na kuchwa kabla hundi haijaiva benki.
Julai ile pesa ilitosha kitu kimoja.
"Bima," alisema Drago, "ni kumlipa mtu akuogopee."
Nikailipa.
Sisi watatu hatukuchukua mshahara.
Nahuel, mwanagenzi wetu, alichukua wake wote,
akanunua buti
na keki ya mama yake.

Sasa, mstari wa kwanza.
Ghala la barafu, bandarini. Tani sita za kaa.
Meneja anapiga kelele kwamba mzigo unaoza,
na Nahuel amezamisha mikono ndani ya kabati la swichi.

Mstari wa pili.
Kufuli la usalama, ambalo kazi yake ni kuning'inia pale
na kumwambia kila ajaye, ngoja, mtu yumo,
lilikuwa garini, ndani ya kopo la biskuti,
pamoja na fyuzi kuukuu na funguo zisizo na mlango.

Mstari wa tatu siuandiki bado.

Ukurasa wa pili una jedwali la mkono.
Gumba lina bei yake. Cha kati kina yake.
Cha mwisho kimepewa kitu kidogo, kama yatima kwenye mirathi.
Kilichoungua ni cha shahada.
Daktari alikifunga shashi, kikabaki kimesimama,
na kila tulipoingia wodini
kilimwelekea mmoja wetu.

Swali la kumi na moja: Nani aliyewasha?

"Andika hitilafu ya umeme," amesema Heriberto, taratibu,
akiangalia buti zake.
"Umeme hauna mke. Umeme haudaiwi nyumba."
Kweli. Lakini miaka ishirini na miwili nimeuza umeme,
sijauona ukienda usikoitwa.
Na tukisema ukweli, huenda wakakataa kulipa,
na tukisema uongo, huenda wakalipa,
na Nahuel atazikunja noti hizo kwa vidole vinne.

Nikaisukuma fomu katikati ya meza,
kati ya birika na koili ya waya.
Hakuna aliyeigusa. Bati likagonga, likagonga.
Kisha Drago, mwenye mdomo,
akainyanyua kalamu bila neno
akaandika jina lake lote, kwa herufi kubwa.
Safari hii lilienea.
Alikandamiza hata likatokea kwenye nakala ya tatu,
ile ya waridi, ambayo hubaki kwetu.

Watajibu baada ya siku thelathini.
Kesho tuna kazi shuleni, taa za ukumbi.
Nimenunua makufuli matatu, mekundu.
Risiti imo daftarini, chini ya "vifaa",
na Heriberto ameuliza kama ni lazima yawe matatu.